Jiko Hupimwa kwa Mpishi

"Jiko hupimwa kwa mpishi." Mmemsikia fundi akisema hivyo, wadogo zangu, mkaniuliza methali hiyo imetoka wapi. Imetoka nyumbani kwetu, hapa hapa Korogwe, na ilianza na kiganja cha mtu.

Kijana wa duka la makabati, jina lake Elinami, alikuja kupima jiko la Shangazi Sikudhani. Alipima ukuta, akapima dirisha, kisha akasimama wima, akaweka kiganja chini ya kitovu chake na kuandika namba ya kimo cha jiko. Mimi nilikuwa nimeshika ncha ya futi, nikaona. Elinami ni mrefu sana. Shangazi hanifiki begani. Nilitaka kusema, lakini mimi niliishia darasa la tano, na yeye alikuwa na kalamu mbili mfukoni. Nikaendelea kushika futi.

Shangazi alikuwa akiwapikia wafanyakazi wa shamba la mkonge. Jiko lile alilidundulizia pesa kwa miaka sita. Lilipokamilika lilimeta, majirani wakaja kulitazama. Kesho yake alibandika sufuria ya ugali, ukingo wake ukamfika kidevuni. Hakuweza kuusonga. Akapanda juu ya kreti la soda. Siku ya tatu kreti liliteleza, uji wa moto ukamuunguza mkono. Wafanyakazi wakaanza kula kwa mama mwingine.

"Twende dukani," Shangazi akaniambia. "Wewe ulikuwepo."

Mwenye duka, Bwana Shemndolwa, alitoa mchoro akauweka mbele ya Shangazi. "Mama, sahihi hii si yako?"

"Ni yangu. Lakini kwenye karatasi jiko lilikuwa fupi kuliko mimi."

Wateja wakacheka. Bwana Shemndolwa naye akacheka kidogo. "Basi nitakupa stuli, bure kabisa."

"Baba, nimenunua jiko, sikununua ngazi."

Ndipo akaitwa Elinami. "Ulimpima mama huyu?"

Elinami akainamisha kichwa. "Bosi, huyu ni sawa na mama yangu. Nimsimamishe ukutani kama mtoto wa kliniki? Niliona haya. Nikajipima mwenyewe."

"Piga magoti, mwanangu," Shangazi akasema kwa upole.

Elinami akapiga magoti mbele ya jiko la maonyesho. Shangazi akachukua sufuria na mwiko kutoka rafu ya bidhaa, akaviweka juu. "Haya, nisongee ugali."

Viwiko vya Elinami vikapanda hadi masikioni. Akasukuma mara moja, mara mbili, sufuria ikaanguka kwa kishindo.

"Karibuni chakula!" mzee mmoja akapaza sauti.

Bwana Shemndolwa hakucheka tena. Aliutazama mkono wa Shangazi uliofungwa bandeji. "Mama, tutalibomoa na kulijenga upya kwa kimo chako. Na siku zote ulizokosa kupika ni juu yetu."

"Na dawa ya mkono?"

"Na dawa."

Elinami alirudi nyumbani kwetu wiki ile ile, akavua viatu mlangoni, akasema, "Mama, nisamehe, naomba usimame nikupime." Shangazi akasimama ukutani, akakunja mkono kama anayeshika mwiko. Tangu hapo Elinami hafungui futi kabla hajauliza nani anapika. Mafundi wenzake walimcheka, kisha wakamwiga. Hata wanaoshona sare na wanaochonga vitanda husema hivyo siku hizi: jiko hupimwa kwa mpishi. Kwamba kumheshimu mtu si kukwepa kumuuliza, na anayeona haya kuuliza humwachia mwenzake maumivu.

Mimi naijua vizuri methali hiyo, kwa sababu nilikuwa dukani siku ile na sikufungua mdomo kumtetea. Niliufungua mara moja tu. Watu walipokuwa wakicheka, mwanamke mmoja aliniuliza, "Huyo mfupi ni mama yako?" Nikamjibu, "Hapana, mimi nimekuja kutazama vikombe." Shangazi alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Aliacha kusema kidogo tu, kisha akaendelea na mwenye duka. Hajaniuliza mpaka leo.

Yuko hapo uani anachambua mchele, na anatusikia. Shangazi, sikwenda kutazama vikombe. Nilikwenda na wewe.