Ufunguo wa Kabati la Vishikwambi

Tegeni masikio, na mkiweza kutulia, tulieni. Mimi hadithi hii hainipi utulivu.

Katika shule moja ya Tukuyu, darasa la tano, walikuwepo watoto watatu. Ipyana, ukimpa kishikwambi, vidole vyake hupata lolote lililomo. Tumpe akitazama kitu mara moja hukichora bila kukosea. Lugano naye ana masikio. Panya akitafuna karatasi darasa la pili, yeye anamsikia.

Mwalimu wao, Subilaga, alikuwa na desturi yake. Kila Ijumaa vishikwambi hufungiwa kabatini, watoto wakajifunza nje kwa mikono na miguu. Hesabu huchezwa kwa makofi: mmoja akipiga matatu, mwenzake hujibu mara mbili yake. Wazazi waligombana sana juu ya Ijumaa hiyo. Wengine walitaka ifutwe, wengine walitaka vishikwambi virudishwe vilikotoka.

Ijumaa moja walikuwa kwenye shamba la chai nyuma ya shule, kila mtoto akipima mistari yake, ukungu ukashuka ghafla. Walipokusanyika darasani, Bupe, mtoto mgeni shuleni, hakuwepo. Waliita hadi koo zikakauka.

Ipyana hakuomba ruhusa. Alichomoa ufunguo kwenye mkoba wa mwalimu, akafungua kabati, akatoa kishikwambi, akatafuta picha ya shamba iliyopigwa kutoka angani.

“Mwalimu, tazama! Pale alipokuwa Bupe pana njia moja tu ya miguu. Inakwenda kwenye kile kibanda kibovu.”

Kabla hawajavuka mlango, chaji ikaisha. Vishikwambi vingine vilikuwa vimezima tangu jana.

Tumpe alikuwa amechungulia begani kwa Ipyana, mara moja tu. Akaichora njia sakafuni kwa chaki, kona kwa kona, kisha akatangulia.

“Kushoto hapa. Siyo huko, Mwalimu, huko ni bondeni!”

Ukungu ulikuwa mzito, lakini kibandani walifika.

Kibanda kilikuwa kitupu. Watoto wakaanza kulia.

“Nyamazeni, jamani!” akasema Lugano. Akapiga makofi matatu. Kimya. Akapiga tena, akainamisha kichwa. Kwa mbali, hafifu, yakajibu sita. “Huyo! Yuko mtaroni!”

Bupe alikuwa ndani ya mtaro wa maji, mguu umeteguka, sauti imekauka kwa kulia, baridi imemkaza. Wakambeba.

Jumatatu Mwalimu aliwaita wazazi. “Aliyemwokoa mtoto huyu atakabidhiwa ufunguo. Yeye ndiye ataamua Ijumaa vishikwambi vitoke au vibaki ndani.”

“Ni wangu,” akasema Ipyana. “Bila picha mngeelekea wapi?”

“Mwizi wa ufunguo wewe! Picha yako ilizima,” akajibu Tumpe. “Niliyewafikisha ni mimi.”

“Ukatufikisha kwenye kibanda kitupu,” akasema Lugano.

Mama yake Bupe akasimama. “Mwalimu, mwanangu nimempata kwa hawa wote. Mimi usinichagulishe.” Akakaa, halafu akasimama tena. “Lakini amua. Bupe bado anasoma hapa.”

Mwalimu hajaamua. Wiki nzima ufunguo umo kiganjani mwake, umelowa jasho. Mimi mwenyewe nimempa Ipyana, nikamnyang’anya; nikampa Tumpe, nikamnyang’anya; Lugano naye vivyo hivyo.

Leo ni Ijumaa. Watoto wako kwenye shamba la chai, na ukungu umeanza kushuka. Haya, mnaonisikiliza, semeni upesi: nyie ufunguo huu mngempa nani?