Hodi ya Mlima Kauzi

Mwaka ambao moto ulishuka mara ya saba, Mlima Kauzi ulikuwa bado haujatikisa ardhi hata siku moja. Kisiwa cha Mjivu hakikujua tetemeko. Mlima ulipotaka kushuka ulishuka kimya, na aliyekuwa jikoni alikutwa jikoni.

Kijiji kilichobaki chini yake kilikuwa Bandajuu. Huko aliishi Echati, msuka mikeka, pamoja na mama mkwe wake, Bi Mkaya, aliyekuwa hatembei kwa mwaka wa tisa. Majirani walihamia ng'ambo ya bonde. Bi Mkaya alikataa kuiacha nyumba alimoolewa. Echati hakubishana naye. Alijua kwamba akipata muda wa chungu kimoja kuchemka, angeweza kumbeba hadi ng'ambo. Mlima haukutoa muda huo.

Basi akaupanda, siku mbili, mpaka ukingoni mwa shimo la moto.

"Babu," alisema, "anayeingia nyumba ya watu bila hodi huitwaje?"

Akajijibu mwenyewe:

"Kwetu huitwa mwizi. Na ukubwa wote huo."

Wasimulizi wote wanakubaliana kwamba mlima uliona haya. Uliuliza hodi hupigwaje, maana haukuwahi kufika mlangoni kwa mtu. Echati aliueleza kwamba hupigwa mara tatu, na asiyekaribishwa haingii. Akagonga mwamba kwa kisigino ili uelewe.

Siku ya tisa baada ya Echati kurudi, vikombe vya Bi Mkaya viligongana. Echati alikuwa shambani akikata ukindu. Alitupa kisu akakimbia. Ardhi ikatikisika mara ya pili. Alipofika uani ikatikisika ya tatu, na akamsikia Bi Mkaya akiitikia kutoka kitandani, kwa sauti ya mwenye nyumba:

"Karibu ndani."

Mlima ukakaribia. Echati alimfunga mkwewe mgongoni kwa mkeka ambao haujaisha kusukwa, akavuka bonde bila kupumzika. Nyuma yao nyumba ilifukiwa hadi paa.

"Mama, ulimjibu ya nini?"

"Mtu apige hodi mara tatu nimnyamazie? Sikulelewa hivyo."

Echati alicheka mpaka akakaa chini.

Kuanzia hapo watu wa Mjivu hawaitikii ardhi ikitikisika. Humbeba asiyetembea, hutoka nje na kufunga midomo. Mlima nao umeshika neno la Echati. Usipojibiwa hupiga hodi tena, mara tatu, mara thelathini, siku baada ya siku. Ndiyo sababu matetemeko ya huko huja kwa makundi. Mara chache huchoka kungoja ukaingia, lakini haumkuti mtu ndani.

Rajabu iliyopita Kauzi ulipiga hodi mara mia mbili na kumi kwa siku sita. Watu walikaa nje juu ya mikeka, kimya. Siku ya saba mlima ulirudi kwake bila kuingia.