Weusi wa Dirhamu ya Lubaba

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji wa Wasiti aliishi mchamungu mmoja akiitwa Mutarrif bin Habban, aliyechuma riziki yake kwa kununua na kuuza sarafu kongwe. Matajiri waliopenda kukusanya fedha za wafalme waliopita walimwamini kuliko wenzake wote sokoni, kwa kuwa hakuficha kasoro ya kitu alichokiuza.

Asubuhi moja alijiwa na mjane aliyeitwa Lubaba. Mvua ilikuwa imeangusha paa la nyumba yake, naye alikuwa amejihifadhi kwa jirani pamoja na wajukuu wawili mayatima. Akafungua pindo la ushungi wake, akatoa dirhamu moja nyeusi.

"Shekhe, niwie radhi," akasema. "Nilitaka kuisugua kwa majivu na siki ing'ae kabla sijakuletea, lakini siki yenyewe sina."

Mutarrif akaipokea, moyo ukamruka. Ilikuwa dirhamu adimu, na tajiri mmoja alikuwa akimsihi kwa muda mrefu amtafutie ya namna hiyo. Angeweza kumpa mjane yule dirhamu moja mpya kwa ile kuukuu, naye angeondoka akimwombea dua. Wazo hilo lilimpitia. Akamwomba Mola wake maghufira kimoyomoyo.

"Alhamdulillahi kwamba siki hukuwa nayo," akamwambia. "Weusi huu si uchafu. Tazama: ukingoni umekolea, kisha unafifia kuwa samawati, na katikati una wekundu wa zabibu. Rangi ya namna hii huletwa na miaka, nayo huja polepole. Walaghai huzifukiza sarafu kwa moshi wa madini ya kibiriti, lakini rangi yao hukaa juu juu kama masizi. Na mikwaruzo hii imekuwa myeusi sawa na uso wake, basi ni ya zamani. Ungeisugua, ungeiharibu. Thamani yake ni dirhamu thelathini."

Akamhesabia. Lubaba akabubujikwa na machozi, akaenda moja kwa moja kwa seremala.

Kabla ya adhuhuri alirudi, zile thelathini zikiwa bado mkononi mwake.

"Shekhe, furaha ilinibabaisha," akasema. "Nilipokuwa nikipatana na seremala ndipo nilipokumbuka. Je, thelathini ni thamani ya dirhamu nzima, au hata ya iliyotobolewa?"

"Ni ya nzima, bibi."

"Basi hii si nzima. Mama yangu aliitoboa akanivika shingoni nilipokuwa mtoto. Nilipoolewa, mfua fedha aliliziba tundu, na miaka ikaligeuza jeusi pamoja na sarafu." Akaweka kidole mahali penyewe.

Mutarrif aliigeuza ile dirhamu mara tatu mbele ya mwanga, asione kitu. Alipopitisha ukucha ndipo akahisi duara dogo. Alijua sasa kwamba macho yake yamezeeka, na kwamba siku yoyote angeweza kumuuzia mja wa Mungu kitu kibovu huku akiapa kuwa ni kizima.

"Iliyotobolewa ni kiasi gani?" Lubaba akauliza.

"Sita."

Akamrudishia ishirini na nne, ingawa paa lake lilikuwa likiondoka pamoja na zile fedha.

"Bibi," Mutarrif akasema, "umeniokoa na khiyana ambayo nisingeijua mpaka siku ya kiyama. Macho yangu yamechoka, yako bado yanaliona tundu lile, na uaminifu wako nimeushuhudia. Kubali uwe unanitazamia sarafu. Nitakufundisha niyajuayo, na ujira wako nitautanguliza leo."

Lubaba akakubali. Paa likaezekwa kabla mvua hazijarudi. Yule tajiri, alipoelezwa habari ya tundu, aliinunua dirhamu kwa sita, wala hakuongeza. Na katika sanduku la Mutarrif, Lubaba aligundua sarafu mbili zilizofukizwa kibiriti, zikaondolewa mauzoni. Inasemekana kila alipomwonyesha kasoro iliyompita, mzee yule alimhimidi Mola kama mtu aliyepokea zawadi.

Enyi ndugu katika imani, twamshukuru Mola kwa mali na kwa afya, na hivyo ndivyo ipasavyo. Tumshukuru pia kwa yule anayetuonyesha aibu yetu kwa upole, ilhali kunyamaza kungemfaa yeye zaidi. Mola atukutanishe na watu wa namna hiyo, na atupe vifua vya kuwapokea.