Hodhi la Nyati Mlangoni kwa Pimbi

"Mpo?"

"Tupo!"

"Mizigo je?"

"Tumeiacha getini!"

"Basi kaeni. Wangu mwepesi."

Jumamosi, saa mbili asubuhi, Nyati alitua hodhi la chuma la kuogea kwenye miamba ya Msitu wa Mnyenyere. Hodhi likaziba shimo. Shimo lilikuwa mlango wa Pimbi, na ndani walikuwamo watoto wake watatu, hawajala tangu jana. Pimbi mwenyewe alikuwa nje, majani mdomoni.

Mnyenyere hauingii gari. Sheria yake ni fupi: gari mwisho getini, na kila mtu abebe mzigo wake kwa miguu, kilomita nzima ya mlima. Nyati alikuja kupumzika na maumbile. Ili apumzike nayo vizuri, alileta hema lenye madirisha, kitanda cha mbao, zulia, na hilo hodhi.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema Pimbi. "Umeniziba mlango. Wanangu wamo ndani."

"Marahaba. Hapa ndipo penye mandhari. Watatoka keshokutwa, nikiondoka."

"Wana njaa."

"Na mimi nina likizo."

Ko-ko-ko! Watoto waligonga chuma.

"Kelele gani hiyo?"

"Sauti za maumbile, Mheshimiwa."

"Nzuri," alisema Nyati, akajimiminia chai.

Pimbi alisukuma hodhi. Halikusogea. Alisukuma tena. Halikusogea. Akakaa akamtazama Nyati. Kila akinywa funda moja, Nyati aligeuka kutazama njiani, kama yupo wa kumwona.

"Hivi Tembo amewahi kulala hapa?" Nyati aliuliza.

"Wiki iliyopita, pale bondeni."

"Alikuja na zulia la namna gani?"

"Hakuja na zulia."

Nyati aliweka kikombe chini. "Hata dogo?"

"Hata dogo, Mheshimiwa. Zulia ni la wale wanaoanza."

Nyati akakunja zulia. Tifu-tifu, tifu-tifu, akapanda nalo mpaka getini. Akarudi anahema.

"Sasa je?"

"Sasa unakaribia. Ila Tembo hakuwa na kitanda."

Nyati akabeba kitanda. Tifu-tifu, tifu-tifu, mpaka getini. Akarudi ulimi nje.

"Sasa je?"

"Bado kidogo tu. Ila Tembo hakuwa na hema."

Nyati akabeba hema. Tifu... tifu... Saa tisa alasiri alirudi akichechemea, akasimama mbele ya hodhi.

"Na kuoga? Tembo alioga wapi?"

"Topeni. Lile pale, daraja la kwanza."

Ko. Mlio sasa ulikuwa mmoja, wa mbali. Pimbi alikaza meno.

"Hili ni zito," alisema Nyati. "Nitaliacha hapa hapa."

"Liache, Mheshimiwa. Tembo akiniuliza ni la nani, nitamwambia ni la Mheshimiwa Nyati."

Nyati akainamisha pembe, akalibeba.

Saa kumi watoto walitoka, mdogo akiburutwa na wenzake. Wakala majani, wakala na maua ya kupambia hema aliyoyasahau Nyati. Naye Nyati alirudi akajitupa topeni, chubwi! Pale pale wanapolala nyati wote, siku zote.

"Hii ndiyo likizo," alisema.

"Huyu sasa ni mkubwa mwenyewe," alisema Pimbi.

Jumapili, saa mbili asubuhi, Tembo alishuka kutoka getini, hana hata kifurushi.

"Nimeona hodhi huko juu. Ni la nani?"

Topeni yalionekana masikio mawili tu.

"La Pimbi," yalisema.

Pimbi hakubisha.

Funzo, wenzangu: mkubwa akikuzibia mlango, usimsumbue. Wakubwa wana akili, watauzibua wenyewe.

"Nimefika, natua."

"Tua! Na hodhi?"

"Lipo getini. Kufikia saa nne, Pimbi na wanawe walikuwa ndani yake, wanaota jua."