Punda Mweusi wa Mize

Hapo zamani, wakati mtu alitambulika mjini kwa punda aliyempanda, palikuwa na binti fukara katika mji wa Kitongani, jina lake Mize, kazi yake kuchota maji. Hakuwa na kitu ila vikuku vya fedha alivyoachiwa na marehemu mama yake. Shingo ikamchoka kwa mitungi, basi akaenda kwa Mbaruku, muuza punda, akatoa vikuku vile, akapewa punda mweusi ti, anang'aa kama kapakwa mafuta ya harusi.

"Kijana huyu, mwanangu," Mbaruku akaapa. "Atakuzika wewe!"

Siku ya kwanza tu mtungi ukamwagika. Weusi ukatiririka hadi kwatoni, ikawa ubavu mmoja wa punda ni mvi tupu, mbavu zahesabika. Punda mwenyewe akajilaza njiani, akakoroma.

Mize akamrudisha mbio. Mbaruku akacheka hadi akashika tumbo. "Desturi ya soko huijui? Aliyeshika kamba amekubali. Nenda kashtaki!"

Akaenda barazani kwa Sultani, Mbaruku nyuma yake akicheka bado. Sasa, Sultani alimpenda Mbaruku, maana punda wake mwenyewe, mweupe pe, alimnunua kwake, naye akijisifu mji mzima kwamba jicho lake halidanganyiki. Hata hakumaliza kumsikiliza.

"Sheria yangu ni moja. Mnunuzi hupata alichokiona, hazidishiwi wala hapunguziwi. Uliona punda, unaye punda. Toka!"

"Nimesikia na nimetii, bwana. Naomba iandikwe."

Karani akaandika, mhuri ukapigwa. Mize akaikunja karatasi, kisha akaomba ndoo ya maji, akamwogesha punda palepale barazani. Masizi yakachuruzika mpaka kwenye viatu vya mawaziri.

"Bwana," akasema, "mimi nilichokiona sokoni ni punda mweusi. Huyu wa mvi simjui. Hukumu yako yasema nipate nilichokiona. Basi Mbaruku anipe punda wangu mweusi, na mzee huyu namrudishia."

"Mwongo!" Mbaruku akaruka. "Punda ni yuleyule! Nimempaka masizi na gundi kwa mikono yangu hii hii!"

Mize akaweka ndoo chini.

"Ahsante, baba," Mize akasema. "Nilikuwa sina shahidi."

Watu wakaangua kicheko. Sultani uso ukamwiva. Akaamuru vikuku virudi saa ileile, punda mzee apumzike zizini kwa Mbaruku, ale majani mabichi hata afe, naye Mbaruku abebe mitungi ya Mize mwezi mzima, kwa kichwa chake mwenyewe.

Mize akavaa vikuku vyake, akapiga goti kuaga. Hapo Sultani akainuka kumwendea punda wake aliyefungwa mlangoni, na Mize akaona nyuma ya joho lake jeusi, pale pa kukalia, pana weupe kama wa chokaa. Akainua ndoo.

"Bwana, maji yamebaki nusu. Nimwogeshe na wako?"

Sultani akamtazama punda wake mweupe, akawatazama watu, akamtazama Mbaruku, ambaye ghafla alikuwa anahesabu vidole vya miguu yake.

"La, la, binti yangu," akasema upesi. "Huyo ameoga jana."

Mize akaondoka akichezesha vikuku. Na tangu siku ile, wasema watu wa Kitongani, mbingu ikitanda wingu hata dogo kama kiganja, Sultani huenda kwa miguu.