Liwali Aliyekataza Kusengenya

Wewe unayebetua midomo hata sijakaa vizuri, tulia kwanza. Watu kama hawa nitakaowasimulia walikuwapo. Kwamba hujawaona si kosa lao.

Wamesimulia waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa kale aliishi mcha Mungu, Bi Shamsa, Mola amrehemu. Kila alasiri wanawake walikusanyika ukumbini kwake kusuka ukili wa mikeka. Mtu akianza kusengenya, Bi Shamsa hakumkaripia. Alikunja ukili wake, akatoka, akafunga mlango, akawaacha wageni ndani ya nyumba yake mwenyewe! Nao walicheka kwa haya, wakaleta istighfari mpaka arudi. Siku zile haya ilitosha.

Kisha Liwali, naye mtu wa swala tano, akatoa amri: msengenyaji achapwe viboko, na aliyemsikia akakataa kusema ahamishwe mji. Tangu hapo ukumbi ukapoa. Watu walisuka huku wametega masikio, wala si kwa kumcha Mungu, kwa kumwogopa jirani.

Haukupita muda, Bi Hidaya, muuza mikate ya mofa, akashtakiwa kwamba amesengenya ukumbini mle. Bi Shamsa akaitwa kutoa ushahidi. Akaenda, ukili mkononi.

"Bi Mkubwa, ulimsikia?" Liwali akauliza.

"Nilimsikia, Bwana. Uongo siwezi."

"Alisema nini, na juu ya nani?"

"Hilo silisemi. Nikilirudia mbele ya kadamnasi hii, msengenyaji ni mimi, na aliyenituma ni wewe."

Askari mmoja akacheka, akajitia kukohoa.

"Adhabu ya kukataa kusema unaijua?" Liwali akauliza.

Aliijua. Akaikumbuka nyumba aliyozaliwa, na kaburi la mumewe kando ya kisima.

"Nihamishe, mwanangu. Na huko nendako Mola yupo."

Liwali akaghadhibika. "Unamsitiri bure! Huyo Hidaya, hata ndoa yake ya kwanza, nasikia—"

Bi Shamsa akainuka taratibu, akaanza kukunja ukili.

Liwali aliwahi kukaa ukumbini mle, mapajani mwa mama yake. Ishara ile aliijua.

"Astaghfirullah," akasema, macho chini. "Kaa, Bi Mkubwa. Hahamishwi mtu, wala hachapwi. Amri nimeifuta."

"Mwizi mfunge, Bwana, hiyo ndiyo kazi yako. Haya za watu tuachie wenyewe tuzilee, kama tulivyokulea wewe."

Wala hakukaa. Akatia ukili kwapani, akatoka, akaufunga mlango.