Kioo au Watoto

Kulikuwa na mama mmoja msafi kuliko wote mtaani kwao. Wapendwa, nikisema msafi nielewe­ni: mbele ya sufuria zake ungeweza kuchana nywele. Makochi yake yalivaa vitambaa vyeupe, na juu ya vitambaa alitandika nailoni ili vitambaa navyo visichafuke. Mgeni alikaa ukingoni, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

Mama huyu hakuwa mbaya. Alikuwa na upendo mwingi, ila upendo wake ulishika ufagio.

Alikuwa na binti mmoja tu, ameolewa mji wa jirani, na binti huyo alikuwa na mimba yake ya kwanza. Desturi yetu mnaijua: uzazi wa kwanza, binti hurudi kwa mama yake. Mama alishaandaa chumba, mashuka ameyafua mara tatu. Ndipo binti akapiga simu.

"Mama, nafikiri nitajifungulia huku huku, kwa wifi."

"Kwa wifi? Kwani mimi nimekufa?"

"Hapana, mama. Ni umbali tu."

Umbali! Basi moja, mwendo wa saa tatu. Mama alipokata simu alichukua tambara, akasugua sakafu ambayo haikuwa na kosa lolote.

Jirani yake, mwanamke mcheshi ambaye uani kwake kuku ndio waliotawala, alipoiona huzuni ile alimletea samaki watano kwenye chupa. Wadogo, mikia yao kama pindo za kanga.

"Hawa hawatagi, jirani. Wanabeba mimba kama sisi, wanazaa watoto wanaoogelea. Huyu mnene, unaliona doa jeusi karibu na mkia? Likikolea, ujue siku zimekaribia. Wewe utapata wajukuu mapema kuliko wenzako!"

Mama akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Akatafuta tangi la kioo, akaliweka sebuleni. Je, hakuwatunza? Aliwatunza! Dagaa aliwasaga mpaka wakawa unga. Maji ya bomba aliyalaza kwenye ndoo siku nzima kabla ya kuyamimina, ili ile dawa ya bomba itoke. Ndani ya chupa jirani alikuwa ametia fungu la magugu ya majini. Mama aliyanyanyua kwa vidole viwili, akayatupa. Na kila Jumamosi alilisugua tangi kwa dodoki, hata ungedhani samaki wanaogelea hewani.

Doa likakolea. Tumbo likawa kama punje ya kunde iliyolowekwa. Kisha asubuhi moja tumbo limepungua, na watoto hawapo. Hata mmoja. Mama akamlaumu paka. Akatengeneza mfuniko wa tangi, akauwekea jiwe juu. Mwezi uliofuata ikawa vile vile: tumbo limekwisha, watoto hakuna, na jiwe liko pale pale.

Safari ya tatu alivuta kigoda mapema, akaweka ungo wa mchele mapajani, akawa anachambua huku jicho liko kwenye kioo. Karibu na adhuhuri akaona. Kitu chembamba kama uzi uliokatwa, chenye macho mawili, kilidondoka kutoka kwa mama yake, kikajikunjua, kikaogelea.

"Karibu, mjukuu wangu!" mama akapiga makofi, mchele ukamwagika.

Kile kidogo kikakimbilia kulia: kioo. Kushoto: kioo. Kila upande ni mwanga mtupu. Ndipo yule aliyekizaa akageuka, akafungua mdomo.

"We! Ni wako huyo!" mama alipiga kelele. Lakini kilishakwenda.

Alifika kwa jirani kandambili mkononi. "Umenipa samaki mchawi! Anakula watoto wake!"

Jirani hakusimama. Alikuwa anaosha vyombo. "Wangu na wako ni tumbo moja, jirani. Hata mimi wangu wanakula. Njoo uone."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na pipa lililokatwa nusu, maji yake ya kijani, magugu yamejaa juu. Mama akaziba pua. Jirani akayainua magugu kidogo kwa kiganja, na chini yake watoto wa samaki walikuwa wengi kama mtama uliomwagwa.

"Samaki hana ubaya," jirani akasema. "Akiona kitu kidogo kinacheza mbele ya mdomo wake, kwake ni chakula. Hawezi kujizuia. Wewe mwenye akili ndiye wa kumpa mtoto pa kujificha mpaka apate nguvu."

"Lakini magugu yanachafua."

"Yanachafua sana. Chagua, jirani: kioo au watoto."

Mama alirudi na magugu mikononi, yakimwaga matone sakafuni kuanzia mlangoni hadi kwenye tangi. Hakuyafuta. Alisimama akitazama ile nailoni juu ya makochi. Akakumbuka siku ya mwisho binti yake alipokuja: alimwaga chai ya moto, na yeye mama aliruka akafuta kochi kabla hajamuuliza mtoto wake kama ameungua.

Akachukua simu. "Mwanangu, njoo nyumbani."

"Mama, mtoto atacheulia makochi."

"Acheulie."

"Mama, ni wewe kweli?"

"Ni mimi. Nimetia magugu kwenye tangi."

Binti hakuelewa maana yake, lakini alilia, na Ijumaa ile alishuka kwenye basi na begi lake. Alipojifungua, ndani ya magugu walikuwemo wadogo kumi na wawili.

Mmecheka, wapendwa. Sasa tujitazame sisi. Ibada yetu inang'aa. Nguo zimepigwa pasi, benchi zimenyooka. Tunabatiza kila mwaka, na kila mwaka sura ni zile zile. Tunaulizana: nani anawala watoto wetu? Tunasema ni dunia. Tunasema ni marafiki wabaya. Tunaongeza jiwe juu ya mfuniko.

Lakini mnamkumbuka yule dada aliyekuja na tumbo bila pete, akakaa karibu na mlango? Hatukumwambia neno baya. Tuligeuka tu, tukamtazama, kulia tukamtazama, kushoto tukamtazama, na hakuwa na jani hata moja la kujisitiri. Jumapili ya pili hakuja.

Wapendwa, mfuniko ulikuwa umefungwa. Hakuna paka aliyeingia.